Matawi Mabichi Barabarani

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, usijali, shika hapa. Msafara wa malori ya transit umetoka Eldoret asubuhi, polisi mbele, polisi nyuma, unakimbilia Malaba, mpaka wa Uganda, kabla nchi haijamaliza kuungua kwa ghasia za kura. Ndani ya lori la Wabuge, dereva wa Mbale kule Uganda, yuko Apiyo, Mjaluo, karani wa ofisi ya kupitisha mizigo. Nyuma ya pazia, kwa kale kakitanda ka dereva, amefichwa mama mkwe wake, Mama Nyaguthii, Mkikuyu anayewindwa kwa kabila lake. Mama anaamini mwanawe Isaiah, mume wa Apiyo, anamngoja Tororo, ng'ambo ya mpaka. Apiyo anajua, na sisi tunajua, kwamba Isaiah alitolewa kwa gari pale Cheptiret na hakuinuka tena.

Tulimwacha Wabuge amekanyaga breki mpaka lori likalia kama ng'ombe.

Alikuwa ameona nini? Matawi.

Matawi mabichi, yamevunjwa sasa hivi, yamelazwa kwa lami moja baada ya lingine kuelekea kona ya mbele.

"Usisimame," Apiyo akasema. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Wabuge, tafadhali. Ni wao, wale wa vizuizi."

"Si wao, nyabo. Wao wanaweka mawe na nguzo za stima. Matawi ni ya sisi madereva."

Na ni kweli. Kuanzia Mombasa mpaka Goma, dereva akiharibikiwa, anavunja matawi anaweka nyuma ya gari. Anayekuja akiona matawi anapunguza mwendo, anafika, anauliza: ndugu, umepungukiwa nini? Haijalishi namba ya gari ni ya wapi. Wanyarwanda na Waganda walishawahi kupigana na kuzikana, Mkongo hawataki wote wawili, Mkenya anawacheka wote watatu. Lakini kwa matawi wote wanasimama. Hakuna aliyeisaini hiyo sheria.

Redioni mtu alikuwa anasoma habari. Mawaziri wa nchi jirani wamekutana, wamekubaliana, barabara ya kwenda Uganda italindwa, mafuta yatafika Kampala, biashara itaendelea.

"Wamekubaliana kwa hoteli," Wabuge akasema, akazima redio. "Wamekunywa chai na keki. Nani kati yao ameshawahi kukopesha mwenzake jeki?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Huyu dereva amesimama kukojoa ama ni nini?"

"Mama, lala chini," Apiyo akanong'ona.

"Kwani nimesimama? Nimelala. Na hii blanketi inanuka omena. Hata nikikimbia kifo lazima nikimbie na samaki yenu?"

"Si omena, mama," Wabuge akasema, anatazama mbele. "Kwetu ni mukene."

"Jina mbili, harufu moja."

Miaka yote ya ndoa ya Apiyo ilikuwa hivyo. Mama Nyaguthii hakuwahi kula kwa Apiyo, mtaa wa Kimumu, siku ya samaki. Akija anakuja na githeri yake, mahindi na maharagwe, kwa kikopo. Harusi alikuja, akakaa nyuma kabisa kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Majirani walipomuulizia Apiyo, alisema tu, "Ni mtoto wa watu." Lakini nyumba yake ilipochomwa, kwa nani alikimbilia? Kwa mtoto wa watu. Apiyo akampeleka kwa jirani, Chepkorir, na huyo Chepkorir akamficha kwa stoo nyuma ya magunia ya mahindi, anampelekea uji kwa ndoo ya kuku ili watu wa kabila lake wasishuku. Siku moja wakaja kuuliza. Chepkorir akawaambia, ukitaka kuingia kwa stoo yangu kwanza unizike. Wakaenda, lakini walisema watarudi.

Kwa hivyo ilikuwa Malaba ama basi.

Lori likatambaa mpaka kwenye kona. Na hapo, sawasawa kama Wabuge alivyosema, kulikuwa na lori la Rwanda limeinamisha kichwa, boneti imefunguliwa, na mtu mrefu mwembamba amesimama kando, ameshika kofia ya rangi ya chungwa mkononi.

"Gasana," Wabuge akasema. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Eldoret. Akateremsha kioo. "Ndugu, umepungukiwa nini?"

"Mkanda wa feni. Umekatika. Nilitoka mbele ya msafara nikafikiri nitafika peke yangu." Gasana akatikisa kichwa. "Una wa ziada?"

Wabuge alikuwa nao. Kila mtu kwenye hiyo barabara alijua Wabuge hatembei bila mkanda wa pili. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme ndio.

Lakini mkanda ulikuwa wapi? Ulikuwa chini ya godoro. Na juu ya godoro alikuwa nani?

Na kabla hajajibu, Inspekta Kituyi, mkubwa wa polisi wa msafara, akatokea anatembea kwa hasira, bunduki begani, akasimama hapo hapo chini ya mlango wa Apiyo.

"Nani amekwambia usimame?"

"Afande, kuna matawi."

"Mimi nakulinda na bunduki, wewe unasimamishwa na majani? Niliwaambia asubuhi. Hakuna kusimama, hakuna kubeba mtu. Ni dereva na karani tu. Nikipata mtu mwingine kwa gari yoyote namrudisha Eldoret mimi mwenyewe. Sitaki kuulizwa kwa kizuizi ni kwa nini nimebeba kabila fulani." Akamtazama Gasana. "Huyu anataka nini?"

"Mkanda wa feni," Gasana akasema.

"Mnao?"

Wabuge akamwangalia Apiyo. Macho yake yalikuwa yanauliza, na Apiyo aliyasoma vizuri. Inua mama kidogo tu, nitie mkono. Lakini Kituyi alikuwa na urefu wa kuona mpaka ndani, na pazia lilikuwa jepesi kama leso.

"Hatuna," Apiyo akasema.

Wabuge akageuza macho kwa usukani.

"Hatuna, afande. Wa ziada tulitumia juzi."

Gasana hakubisha. Alimtazama Apiyo, akatazama pazia, akatazama tena Apiyo. Kuna watu wameshaona mambo mpaka hawahitaji kuelezwa. Akavaa kofia yake.

"Mimi hii nimeshaiona nyumbani," akasema kwa upole. "Nilikuwa kijana. Endeni."

"Umesikia," Kituyi akasema. "Endesha. Na kuanzia sasa, atakayesimama kwa sababu ya majani, namwacha hapo hapo na majani yake." Akapiga mlango na kiganja, akarudi akipaza sauti kwa malori ya nyuma, lori moja baada ya lingine. Msisimame kwa matawi. Leo matawi ni mtego. Pitisheni hiyo habari.

Habari ikapita. Kwa mikono, kwa honi, kwa simu, kwa Kiswahili cha kila nchi. Leo matawi ni mtego.

Wabuge akaingiza gia. Kwenye kioo cha pembeni Apiyo alimuona Gasana anakuwa mdogo, kofia ya chungwa, halafu nukta ya chungwa, halafu lami peke yake.

"Tungempa tu," Wabuge akasema.

"Na Mama?"

"Najua. Nasema tu."

Simu ya Apiyo ikalia. Ilikuwa SMS, zile za kutumiwa na mtu usiyemjua, zinazotumwa kwa watu wote. Chungeni, wanajeshi wa Uganda wameingia, wamevaa uniform ya polisi, wanakuja na malori. Angalia namba ya U.

Akamsomea Wabuge. Wabuge akacheka, lakini ni kicheko cha pua.

"Mimi hata skauti sikuwahi kuwa. Mguu wangu ni flat."

"Wabuge, gari letu ni namba ya U."

"Najua, nyabo. Mimi ndiye ninayeilipia road licence."

Wiki nzima watu Eldoret walikuwa wanaambiana gari la mgeni haliguswi. Ndiyo sababu Apiyo alichagua lori la Uganda na kuacha la Kenya. Sasa akaanza kuhesabu kilomita za kufika Malaba.

Walipopita Leseru, kitu kikalia pu, halafu pu nyingine. Lori likavutwa upande, Wabuge akapigana na usukani, wakaishia kwenye majani kando ya barabara. Mtu alikuwa amepigilia misumari kwenye ubao na kuifunika na mchanga. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimekwisha. Wabuge alikuwa na ya ziada moja.

Alishuka. Alienda kwenye kichaka, akavunja tawi, akavunja lingine, akarudi akaanza kuyapanga kwa lami nyuma ya lori, moja moja, kama baba yake alivyomfundisha na kama yeye angefundisha mwanawe.

Lori la kwanza likapita. La Kongo. Dereva aliona matawi, akaongeza moto.

La pili likapita. La tatu likapita juu ya matawi, likayakanyaga.

"Huyo ni Mustafa," Wabuge akasema. "Wa Jinja. Alikula harusi yangu siku tatu." Akapunga mkono. Mustafa aliangalia upande ule mwingine, kwenye mahindi makavu, kana kwamba kuna mtu anamuita kule.

Wabuge akayapanga matawi upya. Yakakanyagwa upya.

La mwisho kabisa lilikuwa Land Rover ya polisi. Ilipunguza mwendo tu. Kituyi akatoa kichwa.

"Nina magari mengi mbele, siwezi kupoteza yote kwa ajili ya moja. Tengenezeni haraka, mtanipata Turbo huko mbele."

"Afande, nina tairi moja tu," Wabuge akasema. "Nahitaji mtu mmoja mwenye tairi."

"Nilisema nini kuhusu matawi?"

Na akaenda. Vumbi likatulia. Ndege wakaanza kuongea tena, kama ndege wasio na habari.

Apiyo akakaa kwa ngazi ya lori. Alitaka kulia lakini aliona si zamu yake.

"Wameenda wote?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Wameenda, Mama."

"Hata polisi?"

"Hata polisi."

"Hmm." Halafu: "Isaiah uliniambia amevaa nini?"

Apiyo akafunga macho. "Ile sweta ya kijani, Mama. Ile uliyomfumia."

"Tororo kuna baridi?"

"Kidogo."

"Basi itamsaidia."

Apiyo akapanda, akainama karibu na pazia. "Mama, sikiza. Wakija watu, mimi nitasema wewe ni mama yangu mzazi. Sema neno moja tu. Sema 'oyawore'. Ni kusalimia kwa Kijaluo tu. Hebu sema."

"Ulimi wangu umezeeka."

"Neno moja, Mama. Aki nakuomba."

"Nijifunze kitu cha kutumia mara moja? Niache nilale."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Apiyo akashuka kumsaidia Wabuge na jeki, anajipangusa uso na mkono wenye grisi.

Tairi moja ilikuwa imeshafungwa waliposikia lori. Linatoka nyuma, upande wa Eldoret, linakuja polepole. Wabuge akasimama wima, akaweka mkono juu ya macho.

"Ni Gasana," akasema. "Nyabo, ni Gasana. Ametengeneza."

Ilikuwa lori la Rwanda kweli. Lilifika kwenye tawi la kwanza, likapunguza mwendo. La pili, likapunguza zaidi. Halikukanyaga hata jani. Kwenye usukani Apiyo aliona kofia ya chungwa, na moyo wake ukaruka. Mtu waliyemnyima mkanda ndiye peke yake aliyesimama. Akaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

Mlango ukafunguka. Chini ya kofia hakukuwa na Gasana.

Alikuwa kijana, mrembo wa uso, jezi ya mpira, uta mgongoni. Juu ya mzigo wenzake walikuwa wamekaa, miguu inaning'inia, mapanga mapajani.

"Tumeona majani," kijana akasema kwa adabu. "Nikaambia hawa maboyz si poa kupita mtu amekwama. Mko na shida gani?"

Asubuhi nzima, malori ya nchi zote yamepita. Walioheshimu matawi ni hawa.

"Tairi," Wabuge akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mwenye hii lori yuko wapi?" Apiyo akauliza. Alijishangaa.

"Alishuka," kijana akasema, na wale wa juu wakacheka. Akazunguka mbele, akasoma namba, akapiga mluzi. "Namba ya U. Kumbe. Sasa soldier ni gani hapa? Ni huyu mzee wa kitambi?"

"Mimi ni dereva tu, ndugu yangu."

"Na wewe, madam?"

"Karani. Natoka Ugenya."

"Ugenya ni sawa. Hatuna shida na Wajaluo, tulipiga kura pamoja." Akaweka mguu kwenye ngazi, akachungulia ndani. Akaona pazia. Na chini ya pazia, kisigino cha mwanamke mzee, kimepasuka kama udongo wa shamba. "Nani analala?"

"Mama yangu. Ni mgonjwa."

"Pole. Basi nimsalimie." Akatabasamu kwa Apiyo. "Usiogope. Mimi nilisoma boarding Kisumu. Najua Kijaluo kukuliko." Akainua sauti, akaelekeza kwa pazia. "Mama. Oyawore."

Pazia halikutikisika.

Apiyo alisikia injini ya lori la Rwanda inavyonguruma. Alisikia mtu juu ya mzigo anakwangua panga na kucha. Wabuge alikuwa anaangalia chini, midomo inatembea, anaomba.

"Mama?" kijana akasema tena. Mkono wake ukaanza kwenda kwa pazia.

"Oyawore ahinya, wuoda. Idhi nade?"

Apiyo alidhani amerukwa na akili. Hiyo sauti ilitoka wapi? Ilimwita kijana mwanangu, ikamjulia hali; haikuwa neno moja la kubahatisha. Ilikuwa Kijaluo cha sokoni, kipana, cha mwanamke aliyekaa juu ya gunia. Na iliendelea. Ikamuuliza kijana habari ya mama yake. Ikamuuliza kama amekula. Kijana akaanza kucheka, akajibu, akajibiwa.

Halafu Apiyo akakumbuka. Kibuye. Kabla Isaiah hajazaliwa, Mama Nyaguthii aliuza viazi soko la Kibuye, Kisumu. Kila mtu kwa hiyo familia alijua. Lakini kuna aliyewahi kujiuliza aliviuza kwa lugha gani?

Na kitu kingine kikamjia. Jikoni kwa Chepkorir. Siku ile yeye alipompigia simu dada yake Marion, akalia, akasema yote kwa Kijaluo. Jinsi walivyosimamisha gari la Isaiah. Mahali. Mwili. Mama alikuwa hapo hapo kwenye kigoda, anachambua maharagwe, hakuinua hata kichwa. Apiyo alikuwa amejiambia, ongea tu, huyu haelewi.

"Huyu msichana usimwogopeshe," Mama alikuwa anasema nyuma ya pazia, bado kwa Kijaluo, polepole, na Apiyo alijua haongei na kijana, anaongea na yeye. "Amenibeba kama mtoto mchanga. Wuoda otho. Mwanangu amekufa. Na huyu ananificha hilo. Ananiambia mwanangu ananingoja ng'ambo, na sweta ya kijani. Nimemwacha adanganye, kwa sababu akiacha kudanganya atalia, na akilia hatutafika."

Kijana akavua ile kofia ya chungwa. Akaishika kifuani.

"Pole, Mama," akasema, na ilionekana anamaanisha. "Pole sana. Hii mambo imechukua watu wengi." Akageuka kwa wenzake. "Shukeni mmpatie huyu mzee tairi. Wako kwa matanga."

Mmoja akaruka chini. Akaanza kufungua tairi ya ziada ya Gasana. Wabuge akasogeza jeki kwa tairi ya pili.

Wangefika. Apiyo aliona Malaba kabisa, aliona lile geti linainuliwa.

"Na alifia wapi, Mama?" kijana akauliza. Ilikuwa tu ile ya kuuliza mfiwa, kila mtu anauliza.

Apiyo akafungua mdomo. Kisumu. Hospitali. Malaria. Chochote. Lakini mwanamke mmoja alikuwa amebeba lile jina kifuani tangu jikoni kwa Chepkorir, bila kulia, bila kulitaja, na sasa mtu amemuuliza kwa upole.

"Cheptiret," Mama akasema.

Kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, jina la mahali ni lile lile.

Kijana alilitazama pazia. Alivaa kofia. Aliinua kidole, na yule wa tairi akaacha kufungua.

"Mimi nilikuwa Cheptiret," akasema. "Zile siku zote. Hakuna Mjaluo aliguswa pale."

Akapanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili. Akashika pazia kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua kitambaa dukani, na sasa akaongea Kiswahili, wenzake wasikie.

"Mama, ile sweta ya kijani. Ilikuwa na vifungo vya kahawia?"